Belo la Karume na kola za Athi River

Soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam, alfajiri. Kamba za plastiki zinakatwa, belo linafumuka, na wachuuzi wanalivamia kabla nguo hazijatua chini. Aliyewahi anaondoka na shati safi. Aliyechelewa anaokota masalia. Mwenye belo naye alilinunua likiwa limefungwa, mtaji wake wote akauweka kwenye bahati. Kule Athi River, nje kidogo ya Nairobi, dada mmoja anashona kola za mashati yanayokwenda Marekani. Kola tu, kutwa nzima.

Wawili hawa hawajuani, lakini walikwishawekwa kwenye mizani moja. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba taratibu hadi 2019, ili viwanda vya nguo vifufuke. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakaishitakia serikali yao, nasi tukaonywa: mkifunga mlango wa mitumba, mtaondolewa AGOA, ile sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa zetu kuingia kule bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma mapema, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ikabaki na ushuru wake, uliokwishapanda kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Julai 2018 nguo zake zikafutiwa msamaha huo.

Anayetetea soko huria hakosi la kusema. Anayenunua mitumba naye ni mfanyakazi: dereva wa bodaboda, mama lishe, mwalimu. Ukipandisha bei ya shati umemkata mshahara bila kumwambia. Tena pembeni ya kila soko la mitumba kuna fundi na cherehani yake, anapunguza viuno vya suruali zilizokatwa kwa miili ya Wazungu. Belo likikosekana, huyu naye analala njaa.

Upande wa pili kuna majengo. Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma, Rivatex ya Eldoret: miji ilizoea kuamka kwa zamu za viwanda hivi, kisha milango ya biashara ikafunguliwa na mashine zikanyamaza. Sitaki kuisingizia mitumba peke yake. Mashine zilikuwa chakavu, umeme wa kubahatisha, na uendeshaji, tuseme ukweli, ulikuwa wa ovyo. Ila kiwanda kinachochechemea hakitibiwi kwa kuingizwa mbioni na Asia siku hiyohiyo.

Kinachonisumbua zaidi ni hizo ajira tulizopewa badala yake. AGOA iliruhusu kushona kwa kitambaa kutoka nje, hivyo shati la Athi River huweza kuwa la Asia hadi lifike mezani kwa mshonaji, huku sehemu kubwa ya pamba ya Shinyanga ikisafirishwa ghafi. Kazi ya namna hiyo haina mizizi. Mgao wa dunia wa biashara ya nguo, uliowekea nchi kama China kikomo cha kuuza, ulipofutwa Januari 2005, wanunuzi waligeukia China, na Wakenya wengi wakarudishwa nyumbani. Septemba 2025 muda wa AGOA ukaisha, roho zikaruka tena, wala hakuna mshonaji aliyekuwa ameharibu hata kola moja.

Kwa hiyo siungi mkono kufunga belo kwa ghafla, lakini pia siwezi kuiita Athi River maendeleo. Fundi wa Karume akifukuzwa leo, kesho ataweka cherehani yake kibarazani na kukata gauni zima. Yule dada, baada ya miaka kumi kiwandani, anajua kola.