Kijani Kimoja Kati ya Milioni Mbili

Mimi si mtu wa makuu. Nikikanyagwa kwenye foleni, mimi ndiye ninayeomba radhi. Lakini kuna kinukta kimoja cha kijani kwenye kioo cha laptopu yangu, upana wake haufiki hata robo ya milimita, na kinukta hicho kimenifanya niwe mtu wa kuongea peke yangu.

Tulikutana usiku. Nimewasha mashine, kioo bado cheusi, nasubiri iamke, mara nakiona: kijaaani, kama jicho la paka chini ya kitanda. Nikadhani uchafu. Nikafuta kwa pindo la shati. Nikahemea kioo, nikafuta tena. Nikakwaruza kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayekwaruza vocha. Kimya. Kinanitazama tu.

Nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Hadi anafika, mashine imeshafungua ukurasa mweupe pee, na kinukta hakipo.

"Kiko wapi?"

"Kilikuwa hapa!"

Akanitazama kama anavyomtazama mtoto anayeumwa tumbo wakati wa kwenda shule na kupona saa nne. Akarudi zake kulala.

Basi nikaanza kusoma, na kusoma ndiko kulikonimaliza. Kumbe kioo kimejengwa kwa vinukta vidogo viitwavyo pikseli, na kila pikseli ina vidirisha vitatu: chekundu, cha kijani na cha bluu. Nyuma yake kuna taa, na katikati kuna fuwele za kimiminika, hizo ndizo pazia. Kila kidirisha kina transista yake ndogo ya kufungua na kufunga pazia. Vyote vitatu vikiwa wazi, wewe unaona nyeupe. Vyote vikifungwa, nyeusi. Sasa mimi kidirisha changu cha kijani kimegoma kufungwa. Kwenye nyeupe hakionekani, maana hapo kila mtu yuko wazi. Kwenye nyeusi ndipo kinabaki peke yake na taa yake, kama jirani anayefanya sherehe mtaa mzima ukiwa umelala.

Na naomba tuelewane hapa, kwa sababu watu wamezoea kuniambia, "Pole, pikseli yako imekufa." Haijafa! Mfu ni ile nyeusi, ambayo haiwaki kabisa, nayo inaonekana kwenye ukurasa mweupe kama kinyesi cha nzi. Yangu imekwama. Ingekufa ningeizika, maisha yangeendelea.

Halafu hizo fuwele zenyewe, unajua zilianzia wapi? Kwa mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, mwaka 1888, akichunguza kolesteroli aliyoitoa kwenye karoti. Mtu amekaa na karoti zake, kaona kitu kinayeyuka mara mbili, kashangaa, kaandika. Leo mimi sipati usingizi.

Asubuhi yake niliwaandikia wauzaji. Nikaona niwe na ushahidi, nisije nikaonekana mzushi. Nikaweka kioo cheusi, nikapiga picha ya skrini, nikaituma na maelezo marefu: "Tazama juu kushoto, karibu na kona." Akajibu kijana wa huduma kwa wateja, mwenye adabu mpaka inaudhi: "Ndugu mteja, tumeitazama picha yako na hatuoni tatizo." Nikaifungua ile picha mwenyewe. Kinukta hiki hapa! Nikasogeza picha kulia. Kinukta hakikusogea. Nikaisogeza kushoto. Kiko palepale. Nikaifungua kwenye simu: nyeusi tii, safi kama roho ya malaika. Ndipo nikaelewa kwamba picha ya skrini inachukua kile ambacho kompyuta inataka kuonyesha, si kile ambacho kioo kinaonyesha. Nimemtumia mwenzangu picha ya giza nikamwambia alitazame vizuri.

Nikapiga picha nyingine kwa simu, nikatuma tena. Safari hii akakiona. Akanijibu kwamba kinukta kimoja "kiko ndani ya kiwango kinachokubalika".

Kinakubalika kwa nani? Nikaenda kutafuta. Kumbe kulikuwa na kiwango cha kimataifa kabisa, ISO 13406-2, cha mwaka 2001, kabla nafasi yake haijachukuliwa na mfululizo wa ISO 9241 mwaka 2008. Watu wazima wamekaa mezani, wameagiza maji ya chupa, wakajadili vinukta. Daraja la kwanza: hakuna kasoro hata moja. Daraja la pili, ambalo ndilo watengenezaji wengi walilikimbilia (na nani asingekimbilia?): katika kila pikseli milioni 1, unavumilia 2 zinazowaka moja kwa moja, 2 zilizozimika kabisa, na 5 za aina ya kwangu, kidirisha kimoja kilichokwama. Kioo changu kina 1920 kwa 1080. Nikatoa kikokotoo: pikseli 2,073,600. Yaani kwa hesabu hiyo, vidirisha vilivyokwama tu, naruhusiwa kama 10. Mimi ninacho 1. Nimelalamika wakati bado nina akiba ya 9!

Sikulala na hilo. Nikaingia kwenye tiba. Ya kwanza ni programu inayofungua kijidirisha kidogo, unakiweka juu ya kinukta, kinapepesa nyekundu, kijani, bluu, nyekundu, kijani, bluu, haraka haraka, ukitumaini fuwele zitashtuka zirudi kazini. Wengine wanasema dakika ishirini, wengine saa kadhaa. Mimi nikaipa usiku kucha. (Mwenye kifafa asikae karibu na kitu hicho, hilo ninasema bila utani.) Saa nane binti yangu katoka kunywa maji, kamkuta baba yake gizani, kakumbatia magoti, uso unabadilika rangi.

"Baba, kuna disko?"

"Nenda kalale, Salma."

Asubuhi kinukta kilikuwa kijani kuliko jana. Nadhani kilipumzika.

Tiba ya pili ni kukanda. Unazima mashine, unachukua kitambaa laini na kitu butu, unabonyeza pale penye kinukta, unawasha huku umebonyeza, unaachia. Ukizidisha nguvu unaharibu na majirani zake. Nikatumia kifuniko cha kalamu. Nilibonyeza kwa upole ambao sijawahi kumwonyesha binadamu yeyote. Nikawasha. Hakipo! Nikainua mikono juu. Nilipoishusha, kikafumbua jicho.

Tangu hapo nimebadilika. Filamu za usiku siangalii tena. Jambazi akiingia chumba chenye giza mimi namwona ana kipele cha kijani puani, na hofu yote inaisha. Nimekuwa mtu wa filamu za theluji. Picha ya mbele ya kompyuta nimeweka jangwa la chumvi, jeupe, halina hata mti. Mke wangu, ambaye ametumia laptopu hii miaka miwili kwa amani, akawa ananicheka: vidirisha 6,220,799 vinakutii, wewe unaumwa na kimoja.

Juzi nikashindwa. Nikazima taa, nikaweka kioo cheusi, nikamshika kidole nikakiweka pale. "Hapo. Umeona?"

"Ahaa," akasema. "Ndicho hiki?" Akakitazama sana. Akaondoka. Nikajisikia mwepesi, kama mtu aliyelipa deni.

Jana usiku alikuwa anatazama tamthilia yake peke yake sebuleni. Nikasikia amesimamisha. Kimya kirefu. Kisha sauti:

"Baba Salma."

"Naam."

"Hebu njoo. Hiki cha kijani sawa, ulinionyesha. Na hiki chekundu hapa chini?"

Nikainama. Nikahemea kioo. Nikafuta kwa pindo la shati.

Zimebaki nane.