Kujumlisha hakuishii darasa la tatu

Kwetu Pemba, na sidhani Unguja wako mbali na hili, kujumlisha kunahesabiwa kuwa kazi ya watoto wadogo. Darasa la kwanza mtoto anahesabu vijiti, la tatu anajua kubeba kumi, basi, kamaliza. Hesabu zenyewe zinazoheshimiwa ni aljebra na zile fomula ndefu za kidato cha nne. Nafundisha somo hili Chake Chake, na nasema kwa moyo wangu wote kwamba huko ni kuwanyima watoto sehemu tamu kuliko zote. Baadhi ya maswali magumu kabisa ambayo binadamu amewahi kuuliza ni ya kujumlisha, na mtoto wa skuli anaweza kuyaelewa leo leo.

Tuanzie dukani. Una sarafu za shilingi 200 na za 500 tu, na mwenye duka hana chenji. Bei gani unaweza kuzilipa kamili? Ya 100 huwezi, ya 300 huwezi. Lakini 400 ni mia mbili mara mbili, na 500 unayo mkononi. Sasa panda kwa 200 juu ya kila moja: 600, 800, 1,000 upande huu, 700, 900, 1,100 upande ule. Kila mia inayofuata imeshapatikana, na hakuna bei ya mia kamili itakayokushinda tena, hata ufike milioni.

Kisha weka sharti moja: sarafu zisizidi nne. Mambo yanaharibika papo hapo, maana sarafu nne kubwa kabisa hazivuki 2,000. Ongeza aina nyingine za sarafu, hata kumi. Ilimradi aina zina mwisho, utafika mahali utakwama. Kwa hiyo tunahitaji seti isiyo na mwisho. Lakini tukichukua namba zote hakuna la ajabu. Ajabu ni kupata seti yenye namba chache, zinazoachana mbali zaidi na zaidi, na bado kila namba kamili ipatikane kwa kujumlisha wanachama wake wasiozidi idadi fulani. Seti ya namna hiyo ndiyo msingi wa kujumlisha.

Mfano bora ni namba za mraba: 1, 4, 9, 16, 25 na kuendelea. Mpaka 100 ziko kumi tu. Mpaka milioni ziko 1,000. Mtu angedhani zitaacha mapengo chungu nzima. Mwaka 1770 Joseph-Louis Lagrange alithibitisha kwamba nne zinatosha: kila namba, iwe ndogo au kubwa kiasi gani, ni jumla ya namba za mraba zisizozidi nne.

Hili nalipeleka darasani kama lilivyo. Naandika ubaoni namba kuanzia 1, kila mtoto anachukua zake, na kazi ni kutumia miraba michache iwezekanavyo. 5 ni 4 na 1. 6 ni 4, 1 na 1. Kwenye 7 kelele zinaanza: "Maalim, hii haikubali tatu!" Kweli, 7 inataka 4, 1, 1 na 1. Tunaizungushia duara. Baadaye 15 nayo inakataa (9, 4, 1, 1), halafu 23 (9, 9, 4, 1). Hapo lazima yupo atakayesema zinaruka nane nane, na darasa zima linatabiri 31. Lakini kabla ya kufika 31 anakuja 28 na kuharibu mpango: 25, 1, 1 na 1, njia ya miraba mitatu hakuna. Kimya kinachotanda pale sijawahi kukipata kwa swali lolote la kitabuni. Watoto wanakerwa na 28, na kukerwa huko ndiko ninakokutaka.

Uthibitisho wake hauhitaji zaidi ya kugawanya. Namba yoyote ya mraba ukiigawa kwa 8, baki ni 0, 1 au 4. 3 mara 3 ni 9, baki 1. 6 mara 6 ni 36, baki 4. 8 mara 8 ni 64, baki 0. Haiwi 2, haiwi 3, haiwi 7. Sasa chukua baki tatu kati ya hizo utafute 7. Kwa kuwa 7 ni witiri, ile 1 lazima itokee mara moja au mara tatu. Ikitokea mara tatu, jumla ni 3. Ikitokea mara moja, nyingine mbili ni 0 au 4, na unapata 1, 5 au 9, na 9 ukitoa 8 inabaki 1. Saba haipo. Ndiyo maana 7, 15, 23, 31 na ndugu zao wote wanakataa.

Na 28? Ni 7 mara 4. Jumla ya miraba mitatu ikigawanyika kwa 4, basi yote mitatu ni miraba ya namba shufwa. Igawe yote kwa 4 na umerudi kwenye 7, ambayo tumeshaona haiwezekani. Adrien-Marie Legendre alionesha mwaka 1798 kwamba zinazokataa ni za aina hizo tu: zenye baki 7, na hizo hizo zikizidishwa kwa 4 mara moja au zaidi. Mtoto wa kidato cha pili aliyefuata hatua hizi ameona uthibitisho wa kweli, si wa kukariri.

Dai la Christian Goldbach la mwaka 1742 wengi wamelisikia: kila namba shufwa iliyozidi 2 ni jumla ya namba tasa mbili. Kompyuta zimelikagua mpaka 4 yenye sifuri 18 mbele yake, bila kukuta inayokataa, na bado halijathibitishwa. Nalitaja na kupita, kwa kuwa lipo jingine ninalolipenda zaidi na halisemwi sana.

Chukua seti ambayo kila namba, kuanzia mahali fulani, ni jumla ya wanachama wake wawili. Namba nyingine itapatikana kwa njia moja, nyingine kwa njia kumi. Je, seti inaweza kupangwa kwa ustadi hata idadi ya njia isivuke kikomo kimoja daima, tuseme mia? Mwaka 1941 Paul Erdős na Pál Turán, wote wa Hungaria, walidai haiwezekani: ukitaka kufunika kila namba, basi zipo namba zitakazofunikwa mara nyingi kupita kikomo chochote utakachoweka. Mwaka 1956 Erdős alionesha kwamba zipo seti ambazo njia hizo huongezeka polepole mno, takriban sambamba na idadi ya tarakimu za namba yenyewe, na alifika huko kwa kuwachagua wanachama kwa bahati nasibu. Lakini dai lenyewe limebaki wazi kwa zaidi ya miaka 80. Mimi naona uzuri mkubwa hapa. Hatuulizi tena kama kila namba inafikiwa. Tunauliza kama inawezekana kuzifikia zote bila kurundika.

Wazazi huniuliza kama haya yatatoka kwenye mtihani. Hayatatoka. Na najua muhula ni mfupi na madarasa yamejaa. Lakini watoto wanaomaliza skuli wakiamini kwamba kila swali la hesabu lina jibu nyuma ya kitabu wamefundishwa jambo lisilo la kweli kuhusu somo lenyewe. Saa moja kwa muhula ninaiona haki yao. Na ile orodha ya miraba tunayoijaza ubaoni, kwa mazoezi ya kujumlisha na kugawanya kwa haraka, inazidi kurasa nyingi za zoezi.

Darasa langu sasa liko kwenye namba za mchemraba: 1, 8, 27, 64. Wameshagundua wenyewe kwamba 23 inataka tisa, 8 mbili na 1 saba. Nimewaambia ipo nyingine moja tu inayotaka tisa, kama alivyothibitisha Leonard Dickson mwaka 1939, na wanaisaka. Wasomaji nawaambia ni 239. Yuri Linnik alionesha mwaka 1943 kwamba namba zote kubwa vya kutosha zinatosheka na saba. Wengi wanaamini nne zingetosha, lakini hata sita hakuna aliyezithibitisha.