Kruger au Okavango: Nani Ashike Usukani?

Familia ya Johannesburg ikitaka kwenda kuona tembo, inapakia nyama, mkaa na maji kwenye gari dogo la kawaida, inaendesha saa tano hivi hadi lango la hifadhi ya Kruger, inalipa kiingilio cha raia na kuingia. Hakuna wa kuwaongoza. Lami ipo, ramani inauzwa dukani, na masharti makubwa ni mawili: usishuke garini pasiporuhusiwa, na uwe kambini kabla lango halijafungwa jioni.

Anayekwenda kwenye delta ya Okavango, Botswana, anapita njia nyingine kabisa. Anafika Maun, anapanda ndege ndogo, anatua kwenye kiwanja cha vumbi, na kuanzia hapo hapigi hatua bila mwongozaji. Kambi nyingi zina mahema machache tu, na miezi ya wageni wengi zile za kifahari hutoza zaidi ya dola 1,000 kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja.

Tofauti hii imetokana na maamuzi ya kisiasa. Botswana, katika sera yake ya utalii ya mwaka 1990, ilichagua wageni wachache wanaolipa pesa nyingi. Afrika Kusini ilirithi hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1926 na kujengewa barabara kwa ajili ya Wazungu wenye magari, kisha baadaye ikaifungulia umma wote. Kabla ya Uviko-19 Kruger ilikuwa ikipokea zaidi ya watu milioni 1.5 kwa mwaka. Sisi tulioupa ulimwengu neno safari tuna sababu ya kuufuatilia mjadala huu wa kujiendesha au kuongozwa, maana maswali yake yapo pia Serengeti na Masai Mara.

Nianze na mwongozaji mwenyewe, kwa sababu thamani yake hupimwa vibaya. Wengi humwona kama dereva anayejua simba amelala wapi. Lakini mtu asiyeongozwa mara nyingi humwona simba pale tu simba alipojilaza kando ya barabara. Mwongozaji anaanza na vitu vingine: nyani wanaopiga kelele mtini, kundi la swala pala lililogeuza vichwa vyote upande mmoja, mchanga uliokanyagwa alfajiri na ambao umande bado haujaugusa upya. Kule Sabi Sand, hifadhi ya binafsi jirani na Kruger, msoma nyayo hukaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya boneti, na kwa alama moja ya kisigino anaamua gari liende kushoto au kulia. Huo ni usomi kamili. Kwamba hautolewi shahada haupunguzi uzito wake.

Tena kuna safari zisizowezekana kabisa bila mtu huyo. Katika bonde la Luangwa, Zambia, wageni hutembea kwa miguu wakiwa na mwongozaji na askari mwenye bunduki. Utamaduni wa utalii wa bonde hilo unaanzia mwaka 1950, pale afisa wa wanyamapori Norman Carr alipokubaliana na Chifu Nsefu wajenge kambi ya wageni, na mapato yake yaende kwa watu wa Nsefu. Ukiwa kwa miguu, kichuguu, kinyesi cha tembo na upepo unaobadilika vinakuwa na maana. Anayepita na kioo kimefungwa na kiyoyozi kikivuma hatavipata, hata akikaa wiki nzima.

Hapo watetezi wa safari ya kuongozwa wana hoja nzito. Wanakosea wanapodai kuwa mwongozaji peke yake anamlinda mnyama. Mwongozaji anaishi kwa mshahara na bakshishi, na mgeni aliyelipa maelfu ya dola anataka chui leo, na anamtaka karibu. Redio ikilia kwamba chui ameonekana, magari yanakimbilia pale. Ndani ya Moremi, hifadhi iliyo kwenye delta ya Okavango, na kwenye barabara za umma za Kruger gari haliruhusiwi kuacha njia, ila katika vitalu vya binafsi linaweza kuingia porini kumfuata mnyama, hata usiku. Kwa maneno mengine, aliyelipa zaidi ndiye anayeruhusiwa kusogea zaidi. Hifadhi nyingi za binafsi zimejiwekea kikomo cha magari mawili au matatu kwa mnyama mmoja, na ninaheshimu nidhamu hiyo. Lakini kinachofanya kazi hapo ni kikomo. Masai Mara imejaa waongozaji hodari, na bado magari hubanana kwenye kingo za mto nyumbu wanapovuka. Kaunti ya Narok ilipopandisha kiingilio cha wageni wa nje hadi dola 200 kwa miezi ya Julai hadi Desemba, kuanzia mwaka 2024, ilikuwa inapiga hatua kuelekea upande wa Botswana.

Wanaojiendesha nao hawana usafi wa kujivunia. Kruger simba akionekana barabarani foleni inajifunga, na programu za simu zinazotangaza mahali mnyama alipo zilizidisha mbio kiasi kwamba mwaka 2016 shirika la hifadhi, SANParks, lilizilalamikia hadharani.

Kwa Okavango, uchache wa wageni una maana hata kimaumbile. Maji yanashuka kutoka nyanda za juu za Angola, yanapita Namibia na kutandaa kwenye mchanga wa Kalahari wakati wa kiangazi, mvua za Botswana zikiwa zimekwisha zamani. Nchi ya visiwa na mifereji inayobadilika hivyo haiwezi kubeba foleni ya Kruger. Hilo nalikubali bila kusita.

Ninachokataa ni bei kufanywa ndiyo mlango pekee. Hifadhi ya Moremi ilitengwa mwaka 1963 na Batawana wenyewe, chini ya uongozi wa Pulane Moremi, kwa sababu waliona uwindaji unawamaliza wanyama katika ardhi yao. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, ni kweli, ila ndani kunahitaji gari la magurudumu manne yenye nguvu, na vitanda vya kambi za kifahari vinauzwa kwa watu wa mbali. Wakati huohuo, mkulima wa ukingo wa kaskazini wa delta ndiye anayelala macho akilinda mahindi. Sensa ya mwaka 2022 katika KAZA, eneo la uhifadhi linalounganisha nchi tano za kusini mwa Afrika, ilikadiria tembo 227,900, na zaidi ya nusu walikuwa Botswana. Mgeni anawalipia kuwatazama siku nne. Mkulima huyu anaishi nao mwaka mzima.

Mwaka 2020 ulionyesha udhaifu mwingine. Mipaka ilipofungwa, kambi zilizotegemea wageni wa nje zilibaki tupu. Hifadhi za Afrika Kusini zilipofunguliwa tena katikati ya mwaka, walioanza kurudi ni raia na magari yao, miezi kadhaa kabla ya watalii wa kimataifa kuruhusiwa. Ile familia ya Johannesburg, inayodharauliwa kwa kuchoma nyama yake na kutomlipa mwongozaji, ndiyo iliyokuwepo.

Kwa hiyo swali la kuongozwa au kujiendesha naliona dogo kuliko swali la nani anaiamulia ardhi. Kaskazini ya mbali ya Kruger, kati ya mito Limpopo na Luvuvhu, serikali ya kibaguzi iliwahamisha wenyeji, Wamakuleke, kwa nguvu mwaka 1969 ili kupanua hifadhi. Mwaka 1998 walirudishiwa ardhi yao, hekta zipatazo 24,000. Walikuwa na kila sababu ya kurudi kujenga na kulima. Walichagua kuiacha ndani ya Kruger, wakaingia kwenye bodi ya pamoja na SANParks, na wakawakodisha wawekezaji maeneo ya loji. Mapato yakigawanywa kwa familia nyingi huwa madogo, na malalamiko hayakosekani. Hata hivyo, mwongozaji anayewasha gari alfajiri pale Pafuri, katika ardhi hiyo ya Wamakuleke, anaingia mahali ambapo mmiliki wake anajulikana kwa jina, na mkataba wa loji ukifika mwisho, Wamakuleke ndio wanaokaa mezani kuamua kama utaendelea.