Kura ya mwanamke ilipatikana kwa karatasi na gundi

Skulini, habari za wanawake waliodai kura huanza na Emmeline Pankhurst wa Uingereza: vioo kuvunjwa, jela, mgomo wa kula. Ushujaa wake haukanushiki. Lakini kwa maoni yangu, wasichana wa Unguja na Pemba wangeanza kusomeshwa Kate Sheppard wa New Zealand, maana kazi yake inawezekana katika shehia yoyote.

Yeye na wenzake walikwenda mlango kwa mlango kukusanya saini. Mwaka 1891 walipata zaidi ya 9,000. Mswada wa kuwapa wanawake kura ukapita Baraza la Wawakilishi la huko, ukaangushwa Baraza la Juu. Mwaka 1892 saini zikakaribia 20,000, na mswada ukakwama tena. Mwaka 1893 zikafika karibu 32,000. Karatasi za ombi kubwa, zaidi ya 500, Sheppard alizigundisha moja baada ya moja, akazizungusha kwenye kipande cha mpini wa fagio. Mbunge John Hall alilikunjua bunda hilo bungeni, mbele ya wale waliodai kuwa wanawake wenyewe hawaitaki kura.

Hata hivyo ilibaki kidogo tu mswada uanguke tena. Waziri Mkuu Richard Seddon alimshinikiza mjumbe mmoja wa Baraza la Juu abadili kura yake ili uanguke. Wajumbe wawili waliokuwa wakiupinga wakachukizwa na hila hiyo, wakauunga mkono. Ukapita kwa kura 20 dhidi ya 18. Ulitiwa saini tarehe 19 Septemba 1893, na uchaguzi ulikuwa tarehe 28 Novemba. Wanawake wakabakiwa na wiki chache tu za kujiandikisha, na zaidi ya 109,000 wakaingia katika daftari la wapiga kura. Hapa ndipo ninapowavulia kofia, maana ushindi wa sheria bila ya daftari ni nusu ya kazi.

Misri inaonyesha hivyo. Doria Shafik, mtetezi wa haki za wanawake wa huko, aliongoza wanawake wapatao 1,500 kuingia bungeni Cairo mwaka 1951, na mwaka 1954 akagoma kula. Katiba ya 1956 ikawapa kura, ila kujiandikisha kulikuwa lazima kwa wanaume, na mwanamke alitakiwa aombe mwenyewe. Walioomba wakawa wachache mno. Tundu lile lilikuwa ndani ya sheria yenyewe.

Kwetu, uchaguzi wa 1957 ulikuwa wa wanaume peke yao, nao kwa masharti. Bibi zetu walipiga kura kwa mara ya kwanza Januari 1961, na kiti cha Chake Chake kikaamuliwa kwa tofauti ya kura moja. Kura moja! Baada ya hapo, nani atasema jina la mwanamke mmoja lililokosekana daftarini ni dogo?

Leo wanaopotea daftarini kwa urahisi zaidi ni walioolewa wakahamia jimbo jingine. Basi kina mama, daftari linapobandikwa kituoni nendeni mkalisome kabla muda wa pingamizi haujesha. Linganisheni kila herufi ya jina na kitambulisho cha Mzanzibari. Aliyehama aombe taarifa zake zihamishwe mapema, kwa sababu sharti la ukaaji halitimizwi kwa siku mbili. Na sheha akisema rudi kesho, muulizeni saa ngapi, na mrudi wawili.