Kalafati kwanza, sola baadaye

Mwezi wa tatu ukiingia hapa Uingereza, baridi ikaanza kulegea, jamaa zangu wenye magari-nyumba huanza kunitumia picha. Huyu anataka kujua paneli ya sola ya wati ngapi itamtosha. Yule kaona televisheni ya kukunjia ukutani, anauliza waya wake aupitishe wapi. Nami huwajibu wote kwa swali moja: umepanda ngazi ukaliangalia paa?

Wengi hawajapanda. Na sola si kitu kibaya, hata mimi ninayo. Lakini kinachoua gari-nyumba si giza wala kukosa televisheni. Ni maji ya mvua yanayopenya kwenye maungio, tone kwa tone, mahali usipopaona, mpaka siku unaegemea ukuta unabonyea. Kazi ya kuyazuia maji hayo, na hapa nashikilia, ni ya mwenye gari mwenyewe kwa mikono yake, kabla hajanunua pambo lolote.

Gari letu tulilinunua hapa Leeds miaka minne iliyopita. Ni la mwaka 2005, limejengwa juu ya Fiat Ducato kama yalivyo mengi ya Ulaya. Mbele ni gari la mizigo la kawaida. Nyuma ni chumba chenye jiko, choo, friji, meza inayogeuka kitanda, na kitanda kingine juu ya kichwa cha dereva. Muuzaji alituonyesha mapazia mapya na zulia jipya, tukapendezwa, tukalipa. Mwezi wa kumi tukaenda pwani ya Northumberland na watoto. Usiku wa pili mvua ikapiga mpaka alfajiri. Mume wangu, aliyelala kule juu, akaniita taratibu watoto wasiamke: "Mama watoto, hebu shika hapa." Nikashika pembeni mwa kidirisha cha paani. Kidole kikazama.

Ukuta wa magari haya ni kama mkate uliopangwa tabaka. Nje kuna bati jembamba la alumini au faiba. Katikati kuna povu gumu la kuzuia baridi, limeshikiliwa na papi nyembamba za mbao. Ndani kuna plaiwudi ya milimita tatu hivi iliyobandikwa karatasi ya maua. Maji yakiingia kwenye tundu la paani hayadondoki hapo hapo ukayaona. Yanafuata papi, yanateremka, yanakaa. Yakitokeza ndani, mbao zimekwisha kuoza. Nilipobandua karatasi ile nikaingiza bisibisi, papi ilitoka vipande vipande, nyeusi, laini, kama makumbi ya nazi yaliyofukuliwa topeni. Na harufu ni hiyo hiyo.

Kipimo cha unyevu chenye sindano mbili hakina bei kubwa, na kwangu ndicho kitu cha kwanza cha kununua, kabla hata ya gari lenyewe. Mafundi wa huku husoma hivi: chini ya asilimia 15 ni salama, kati ya 15 na 20 uwe macho, ikipita 20 tafuta maji yanakoingilia, na ikifika 30 ujue mbao zimeshaharibika. Kona yetu ilisoma 31.

Karakana niliyoipigia simu ilitaka pauni 2,600 na wiki sita. Lakini kilichoniuma si bei. Kwenye faili la risiti aliloniachia mwenye gari wa zamani nilikuta paa lile lile limelipiwa kuzibwa mara mbili, gereji moja, miaka miwili mfululizo. Nikapanda ngazi kuona walichofanya. Walikuwa wamemwaga silikoni ya bafuni juu ya uchafu, juu ya dawa ya zamani iliyokauka na kupasuka. Silikoni ile ukiipaka inanuka siki, na siku ya kwanza inapendeza. Baadaye inaachia ukingoni, maji yanaingia chini yake na hayana pa kutokea. Na ikishapita mahali huacha utelezi ambao gundi nyingine haiushiki. Aliyelipa alilipia ugonjwa.

Mimi ni mtoto wa Nungwi, kaskazini ya Unguja, ambako majahazi huundwa ufukweni mbele ya macho ya watu. Mjomba wangu alikuwa fundi wa kalafati, yaani wa kuziba maungio ya chombo maji yasiingie. Baada ya skuli tulikuwa tukimkuta amekaa chini ya tumbo la chombo, mkono mmoja ameshika chembeu, mwingine nyundo, anaipigilia pamba iliyochovywa mafuta ndani ya maungio ya mbao, shibiri kwa shibiri. Harufu ya sifa, yale mafuta ya papa, ilikuwa haimtoki hata siku ya Idi. Sasa ni mzee, macho yamepungua nguvu, lakini picha ya simu anaiona akiikuza. Nikamtumia picha ya paa langu, kisha nikampigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Picha nimeiona. Nani kapaka dawa juu ya dawa?"

"Fundi wa huku, mjomba."

"Huyo hakukalafati, kapaka rangi. Kwangua. Kwangua mpaka ukione chombo chenyewe, ndiyo utie kitu. Na usifanye siku ya unyevu."

Hakuna mafunzo mengine niliyoyapata, na mpaka leo sijaona maelezo yanayoyashinda.

Nilisubiri siku tatu kavu mfululizo, jambo ambalo Leeds halipatikani kila wiki. Kidirisha chenyewe ni kile cha sentimita 40 kwa 40 kilicho kwenye magari-nyumba mengi ya Ulaya. Ndani kina fremu na skrubu. Ukizifungua, sehemu ya nje inabaki imeshikwa na dawa tu. Hapo ndipo pa subira. Nilitumia vikwaruzo vya plastiki, kwa sababu cha chuma kinachana faiba, na mkwaruzo mmoja ni mlango mwingine wa maji. Nikatia kikwaruzo chini ya ukingo, nikasukuma kidogo, nikazunguka, nikarudia. Kilichukua saa mbili kung'oka. Kusafisha tundu lenyewe kulichukua asubuhi nzima ya pili: kukwangua silikoni, kufuta kwa spiriti, kukwangua tena, kupitisha kucha ya kidole gumba kuhisi kama bado pana utelezi. Mabega yaliniuma, lakini nilipomaliza paa lilikuwa jeupe, safi, na kwa mara ya kwanza niliuona ufa uliokuwa ukituingizia maji. Ulikuwa mfupi kuliko njiti ya kiberiti.

Papi iliyooza niliikata kwa patasi mpaka nikafika kwenye mti mzima, nikaunga mpya kwa gundi ya mbao na skrubu za chuma kisichoshika kutu. Kabla ya hapo nilikuwa nimewasha mashine ya kukausha hewa ndani ya gari kwa wiki tatu, maana ukifunika unyevu umeufungia ndani ule mbao zako kwa raha.

Kurudisha kidirisha nilitumia utepe wa butili, ule mweusi unaonata kama ulimbo. Huu haukauki. Gari likitikisika barabarani, nao unanyooka na kurudi, kama pamba ya mjomba inavyovimba chombo kikitiwa majini. Unauzungusha ukingo wote bila kuukata katikati, unakandamiza, kisha unakaza skrubu za ndani kidogo kidogo kwa kupishanisha kona, leo kidogo, kesho tena, mpaka utepe uchungulie nje pande zote kwa usawa. Kilichozidi unakikata. Juu yake nikapitisha mstari wa gundi ya poliyurethani, ile ya wajenzi wa boti, nikaulainisha kwa kidole kilicholowa sabuni. Vitu vyote havikufika pauni 90.

Kwa hiyo mtu akiniambia anataka sola, namwambia ahesabu matundu. Waya wa paneli unaingilia paani. Antena inaingilia paani. Kipooza hewa, hivyo hivyo. Kila pambo la juu ni tundu jipya juu ya kitanda chako, na atakayelitoboa ana haraka ya kwenda kwa mteja mwingine. Isitoshe, mwezi wa kumi na mbili hapa Leeds mchana ni wa saa saba na nusu tu, na jua lenyewe linapita chini chini nyuma ya mawingu. Paneli hapo haina kubwa la kukupa.

Ukitaka umeme zaidi, anza na taa. Gari letu lilikuwa na taa sita za halojeni, kila moja wati 10. Ukiziwasha zote ni wati 60, na kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea 5. Saa nne za jioni zinakula ampea-saa 20. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kuteremshwa chini ya nusu, kwa hiyo una 50 za kutumia, yaani jioni mbili na nusu za taa tupu. Nilibadili balbu nikaweka za LED za wati 2. Sasa jioni moja inakula 4, na betri ile ile inanipa jioni kumi na mbili. Kazi ya dakika ishirini, bila kutoboa kitu. Angalia tu balbu ziwe zimeandikwa kuwa zinahimili kuanzia volti 10 hadi 30, kwa sababu betri ikichajiwa hupanda mpaka volti 14.4, na zile dhaifu huungua mapema.

Skrubu za makabati zinalegea kwa mtikisiko. Chovya vijiti vya meno kwenye gundi ya mbao, vijaze tunduni, vikate, rudisha skrubu kesho yake. Pampu ya maji ikijiwasha yenyewe usiku wakati hakuna aliyefungua bomba, kuna kiungio kinavuja, kitafute usiku huo huo. Kabla ya baridi kali mwaga maji yote, maana yakiganda yanavimba kwa karibu asilimia 9 na kupasua mabomba. Matairi usiyahukumu kwa meno yake. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: yetu yaliandikwa 2313, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2013. Yalikuwa na meno kama mapya, na ubavuni yamejaa nyufa. Tuliyatoa yote.

Gesi siigusi. Nabadili mtungi, basi. Hata huo nimejifunza kuuchagua: butani, mtungi wa bluu, inagoma baridi ikikaribia sifuri, ilhali propani, mtungi mwekundu, inaendelea kufanya kazi mpaka kwenye baridi ambayo Leeds haijui. Mabomba na jiko namwachia fundi aliyesajiliwa Gas Safe, daftari la mafundi wa gesi wa huku, kila mwaka. Lakini kuna kazi moja ya gesi iliyo ya mwenye gari, nayo ni kuacha matundu ya sakafuni wazi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inateremka chini, na matundu yale yamewekwa ili itoke. Mwenye gari aliyetutangulia alikuwa ameyaziba kwa soksi kuzuia upepo. Niliposhika soksi zile mkononi nilikaa chini. Watoto wangu walikuwa wamelala humo usiku mbili. Kama una gari la namna hii, tafadhali, kabla ya kumaliza kusoma, nenda ukayatazame yako, na uhakikishe king'ora cha kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, kinalia ukikibonyeza.

Jambo la mwisho la mapambo ni uzito. Huku aliyefaulu mtihani wa leseni ya kawaida kuanzia tarehe 1 Januari 1997 anaishia gari la petroli au dizeli la kilo 3,500, na magari mengi yamejengwa yakiugusa mpaka huo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Betri ya pili ya asidi ni kilo 25 hivi. Ongeza turubai la kivuli, baiskeli nne nyuma, magunia ya mchele tunayobeba sisi kana kwamba Scotland hakuna maduka, na umeshavuka bila kujua. Tulipita kwenye mizani na familia nzima tukiwa ndani: 3,420. Nikaamua televisheni ibaki dukani.

Jumapili iliyopita nilipima kona ile tena. Imesoma 14, baridi ya pili sasa tangu niifunge. Lakini kona ya kushoto ya dirisha la jikoni imesoma 19, na mwaka jana ilikuwa 15. Utepe umeshafika. Jumamosi wanasema kutakuwa kukavu, nyuzi 12. Mjomba ameshaniagiza nimpelekee picha nikishakwangua, kabla sijatia kitu.