Bendi huru, vyombo vya kukodi

Jumapili moja mchana nilikaribishwa mazoezini na bendi ya vijana sita, uani kwa mjomba wa mmoja wao, Mwananyamala, Dar es Salaam. Kuingia tu nikaona sufuria juu ya jiko la mkaa. Nikasema leo nimefika pazuri. Kufunua, nikakuta nyuzi nne za gitaa la besi zinachemka.

"Zinarudi kama mpya, kaka," mpiga besi akaniambia, wala hakuwa anatania. "Jasho na uchafu vinatoka. Zikikauka zinalia tena wiki mbili, tatu hivi."

Seti mpya ya nyuzi za besi si bei ya kuchezea kwa mtu ambaye shoo yake ya mwisho alilipwa nauli na sahani ya pilau. Kinanda ni cha kanisa, wanaazimwa kwa sharti kwamba kisionekane baa. Drams na spika ni vya kukodi kwa siku, na kijana wa mwenye vyombo alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, simu mkononi, akingoja saa kumi na mbili ifike apakie. Wimbo wao mpya, ambao ndio nilioitiwa, ni mzuri kweli. Unaanza taratibu kama dansi la zamani, kisha ukifika kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, mpiga rithimu anaingiza mwendo wa singeli, na bado wimbo haumwagiki. Nilipouliza niwatambulishe vipi, mwimbaji hakufikiri mara mbili: "Andika sisi ni bendi huru. Hatuna lebo, hatuna bosi."

Nikamtupia jicho yule kijana wa mlangoni.

Neno "huru" siku hizi limekuwa kama nishani. Kila anayetambulisha bendi chipukizi, nami nimo, analibandika mwanzoni mwa sentensi na kuendelea, kana kwamba limeshaeleza jambo. Upande mmoja wapo wanaoamini kwamba muziki wa maana Afrika Mashariki leo unatoka kwa watu wasio na lebo. Upande wa pili wapo wanaosema uhuru huo ni umaskini uliovalishwa koti. Nimewasikiliza wote kwa miaka, na kila nikitoka kwa hawa naenda kuwabishia wale.

Tuanze na watetezi, maana mifano hawaikosi. Just A Band ni vijana waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2003. Wakachanganya elektroniki, funki na Kiswahili cha Nairobi wakati redio hazikuwa na pa kuwaweka, wakatoa albamu yao ya kwanza mwaka 2008. Mwaka 2010 wakaachia video ya "Ha-He", yenye mbabe anayeitwa Makmende, jina ambalo watoto wa Nairobi walikuwa wakilitumia zamani kumkejeli anayejifanya shujaa. Nchi nzima ikaanza kumtungia Makmende vichekesho, akawa gumzo hadi nje. Jaribu kufikiria wazo hilo likipelekwa mezani kwa meneja wa lebo: tupe hela tutengeneze video ya jamaa wa afro anayepiga watu mateke. Angeuliza wadada wa kucheza wako wapi.

Au chukua Crystal Axis, bendi ya punk ya Nairobi. Wana wimbo unaoitwa "Nyayo House", jina la jengo la serikali ambalo vyumba vyake vya chini vilitumika kutesea wapinzani enzi za Moi. Magitaa yamechafuliwa makusudi, sauti inapigwa kelele zaidi kuliko kuimbwa, na ukimaliza kusikiliza unahisi umetoka kwenye lifti iliyokwama. Lebo yenye wadhamini wa bia na simu ina kila sababu ya kuuacha wimbo kama huo kabatini. Duma nao, wawili tu wa Nairobi, mwaka 2020 walitoa albamu ya metali iliyosagwa na mashine kupitia Nyege Nyege Tapes, lebo ndogo ya Kampala. Sitakudanganya, si muziki wa kusikilizia na bibi. Lakini hakuna kamati ya biashara ambayo ingeuzaa.

Zanzibar mambo ni ya utulivu zaidi. Siti & the Band wamechukua kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na fidla za taarabu wakaziweka pamoja na besi na drams, na albamu yao ya mwaka 2018, *Fusing the Roots*, bado ndiyo ninayompa mgeni anayedhani taarabu ni ya harusi tu. Fidla ya Rahma Ameir haipambi wimbo, inajibizana na mwimbaji, wakati mwingine inamkatiza. Uwaridi, bendi ya wanawake watupu ya hapo hapo visiwani, inastahili sikio lako pia, hasa kama umezoea kuwaona wanawake mbele ya kipaza sauti na wanaume nyuma kwenye vyombo.

Hapo watetezi wa uhuru huwa wanapiga makofi. Mimi naomba wasubiri kidogo. Just A Band walikuwa na watengeneza filamu ndani ya bendi yenyewe. Gharama ambayo wengine wangemlipa dairekta, wao waliibeba kwa ujuzi wao. Siti na wenzake wametoka Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, mahali ambapo kanuni ipo, mwalimu wa kanuni yupo na chumba cha mazoezi kipo. Duma walikuwa na lebo ndogo nyuma yao, tena yenye studio. Kwa hiyo uhuru wao ulikuwa na mtaji, hata pale ambapo haukuwa wa fedha. Mtaji huo ukiuondoa, unabaki na sufuria ya nyuzi.

Na chuo chenyewe kimeishi kwa wafadhili, mara kadhaa kikikaribia kufunga milango. Tamasha la Sauti za Busara, ambalo tangu 2004 ndilo dirisha kubwa la bendi zinazopiga laivu bila pleibeki, mwaka 2016 halikufanyika kwa sababu fedha hazikutosha. Lilirudi mwaka uliofuata, lakini mwaka mmoja wa jukwaa ukipotea, kwa bendi changa ni sawa na msimu wa mvua uliopita bila kupanda. Bendi isiyo na bosi ilikuwa inamtegemea mtu kumbe, ila hakuwa amesaini naye popote.

Watu wa upande wa pili hapo ndipo wanapopatia. Hoja yao nzito zaidi haitoki mtandaoni, inatoka kwa wazee wa dansi. NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana, polisi walikuwa na yao, jeshi nalo lilikuwa na zake. Mlimani Park, Sikinde, ilianza mwaka 1978 ikaja kumilikiwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo hiyo DDC inayotajwa mbele ya jina. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, mishahara ilitoka kwa mwajiri, nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania. Kwa kipimo cha leo hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa huru. Lakini taja nyimbo kumi za Kiswahili ambazo mzee, kijana na konda wa daladala wanazijua kwa pamoja, uone ngapi zilitungwa na waajiriwa hao.

Mshahara ulifanya kitu ambacho kipaji peke yake hakikifanyi: uliwaweka watu kumi na zaidi chumba kimoja, kila siku, miaka mingi. Ndiyo maana ukisikiliza solo na rithimu za Sikinde unasikia watu wanaomaliziana sentensi. Bendi ya leo inakutana mara moja kwa wiki ikijaliwa, huku mpiga drams akitazama saa kwa sababu ana zamu ya bodaboda.

Hata hivyo nisiwapambe mno wazee. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi, na mwanamuziki aliyegombana na uongozi aliondoka mikono mitupu, hata kama bendi ilikuwa ikitambulika kwa gitaa lake. Kuhamahama kule tunakokusimulia leo kama ushindani mtamu wa kimjini kulitokana kwa sehemu kubwa na mtu kutafuta malipo bora na vyombo vizima. Kumbukumbu za Radio Tanzania zimetunza nyimbo. Familia za watunzi zilipata nini kutokana nazo ni mjadala mwingine, tena mchungu.

Mashirika yalipojitoa na kompyuta ya studio ikachukua nafasi ya watu sita, bendi ikawa gharama isiyo na utetezi. Hesabu yenyewe haina huruma. Mwimbaji mmoja anapanda na flashi mfukoni, bendi inahitaji gari, fundi mitambo na masaa mawili ya kupima sauti. Promota anayelipa bei ile ile kwa wote wawili hajafanya upendeleo wowote kwa bendi.

Mtandao uliahidi kurekebisha hilo. Spotify ilifika Kenya, Uganda na Tanzania Februari 2021, na Boomplay na Mdundo zilikuwepo kabla yake. Leo kijana wa Mwananyamala anaweza kupakia wimbo usiku ukasikika Muscat asubuhi, bila kumwomba mtu. Hiyo si ahadi ya uongo. Lakini tangu mwaka 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. Wimbo wa bendi chipukizi uliosikilizwa mara 950 unaingiza sifuri, na ule uliovuka unaingiza kiasi ambacho mwimbaji pekee anagawa kwa moja na bendi inagawa kwa sita. Tena wimbo wenye mwanzo wa taratibu na chemko la dakika tatu unashindana na ngoma ya dakika mbili na nusu inayoanza na kiitikio. Kenya walau sheria ya hakimiliki iliyorekebishwa mwaka 2022 imeweka kwamba mwenye wimbo apate si chini ya asilimia 52 ya mapato ya miito ya simu, zile nyimbo anazosikia mpigaji akingoja kupokelewa. Kwenye mitandao ya kusikiliza, bendi inapewa masharti tu, haijadili.

Basi waende kwenye lebo? Yamoto Band ya Temeke, ambayo kusema kweli ilikuwa bendi kwa jina maana ilikuwa sauti nne bila gitaa, ililelewa na kambi ya Mkubwa na Wanawe. Studio, video, matangazo, yote yaligharamiwa, na kwa kipindi kifupi hukupita kituo cha daladala bila kuwasikia. Baada ya miaka michache kila mmoja alikuwa njia yake. Sidai kambi iliwavunja. Ninachoona ni kwamba soko letu linauza sura, na sura nne kwenye bango moja mwishowe zitatenganishwa ziuzwe rejareja.

Sauti Sol wa Nairobi wao walipita njia ya kinyume. Walianza 2005, wakajenga kampuni yao wenyewe, na ilipofika albamu ya *Midnight Train* mwaka 2020 ndipo wakatoka na Universal, lebo kubwa ya kimataifa. Walikaa mezani wakiwa na mashabiki, jina na wanasheria. Mfano huo unanukuliwa na pande zote mbili, na sishangai: miaka ile ya kampuni yao wenyewe inaonyesha uhuru unalipa, na pia inaonyesha kwamba ulifika mahali haukutosha.

Kuna watakaosema hoteli ndiyo jibu, mshahara mpya wa bendi za pwani. Watu wanaicheka kazi ya hotelini, kupiga kopi huku mtalii akila kamba. Mimi siicheki. Them Mushrooms, ndugu wa familia ya Harrison, walikuwa bendi ya hoteli za pwani ya Kenya walipotoa "Jambo Bwana" mwaka 1982. Wimbo uliotungwa kwa ajili ya wageni ukazunguka dunia. Tatizo la hoteli ni kwamba haina haja na wimbo wako wa pili.

Ukinibana nichague, nitasimama na bendi isiyo na lebo, kwa sababu nyimbo ninazozitaka hazitoki kwingine. Ila nimeacha kuuliza kama bendi ina bosi. Nauliza vyombo vya nani, rekodi halisi iko kwa nani, jina limesajiliwa na nani, na wimbo umeandikwa kwa majina ya nani. Maswali hayo hayajazi ukurasa vizuri kama "vijana wenye kipaji cha hali ya juu", na sisi tunaotambulisha tumeyakwepa kwa muda mrefu. Tunamtaja mwimbaji, tunaweka picha ya mwimbaji, kisha tunashangaa mwaka unaofuata mwimbaji yuko peke yake.

Kwa hiyo nikawauliza na wale wa Mwananyamala: wimbo umetunga nani?

Kimya. Mwimbaji akasema maneno ni yake. Mpiga solo akasema maneno sawa, lakini lile pigo la mwanzo ambalo majirani wameshaanza kulipigia mluzi alilileta yeye. Mpiga rithimu akakumbusha kwamba singeli kwenye chemko lilikuwa wazo lake, na walimcheka. Mpiga besi alikuwa anafunga nyuzi zake, bado zina uvuguvugu, hakusema kitu. Mtu akaenda kuleta daftari la hesabu la mtoto wa mjomba, wakachana ukurasa wa katikati.

Saa kumi na mbili kijana wa vyombo akainuka, akaanza kuchomoa waya. Hakuna aliyemzuia. Walikuwa wamelizunguka lile karatasi, na nilipokuwa naondoka walikuwa wamefika asilimia tisini, huku watu watatu hawajatajwa.