Sukari iliyojificha ndani ya sosi ya rubabu

Juzi mgeni wangu aliniletea chupa ya sosi ya rubabu, ile mboga ya nchi za baridi yenye vikonyo vinene vichachu, na aliileta kwa mapenzi, kwa kuwa anajua kwamba nimeshauriwa na daktari nipunguze sukari. Upande wa mbele wa chupa yameandikwa maneno makubwa yanayoitaja sosi hiyo kuwa chanzo asilia cha afya. Nilipoigeuza na kuisogeza karibu na dirisha ili nisome yale maandishi madogo ya nyuma, nilikuta kiambato cha kwanza ni sukari, na rubabu yenyewe ni ya pili. Kwa kuwa viambato kwa kawaida huorodheshwa kwa kufuata uzito, kile kilicho kingi kikitangulia, maana yake ni kwamba mgeni wangu aliuziwa sukari iliyotiwa rubabu, akaamini amenunua rubabu. Nilimshukuru kwa dhati, lakini moyoni nilikasirika, na bado nimekasirika, kwa sababu aliyeandika maneno yale ya mbele alijua vizuri kilichoandikwa nyuma.

Rubabu haihitaji kusifiwa kwa uongo. Gramu 100 za vikonyo vibichi zina kalori zipatazo 21 tu, sehemu zaidi ya 90 kwa 100 ni maji, na ndani yake mna nyuzilishe karibu gramu 2, potasiamu ya kutosha kuitaja, vitamini C kidogo na vitamini K kwa kiasi kizuri. Hicho ni chakula chepesi na kizuri, na mtu anayetaka kitu kichachu cha kuchangamsha uji, mtindi au nyama ya kuchoma hana haja ya kuambiwa zaidi ya hayo.

Tatizo ni kwamba uchachu wa rubabu ni mkali mno, na watu wengi huukabili kwa kumimina sukari bila kupima. Desturi hiyo ni ya zamani. Huko Ulaya vikonyo hivi vilipata umaarufu jikoni baada ya sukari kushuka bei, na mwaka 1947 mahakama ya forodha ya Buffalo, New York, iliamua kwamba rubabu ihesabiwe kuwa tunda, ingawa kwa asili ni mboga, kwa kuwa Wamarekani waliipika na kuila kama tunda. Mboga ikishaitwa tunda, hakuna anayeshangaa kuiona imezama katika shira.

Hebu tupige hesabu, maana hapa ndipo penye hoja yangu yote. Mapishi mengi hutaka gramu 200 za sukari kwa nusu kilo ya rubabu. Nusu kilo hiyo ina kalori kama 105, ilhali sukari peke yake ina karibu 800. Sosi ikiiva, vijiko vinne vikubwa, ambavyo mtu huvimaliza bila kujua akiwa na bakuli la mtindi mbele yake, hubeba karibu gramu 25 za sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilipendekeza sukari ya kuongezwa isizidi sehemu 10 kwa 100 ya nishati ya siku nzima, na likasema kwamba ni bora zaidi ikishuka chini ya sehemu 5, yaani takribani gramu 25 kwa mtu mzima wa kawaida. Basi vile vijiko vinne vimekwisha kujaza kiasi hicho bora cha siku nzima, na mlaji hajagusa chai wala mkate. Ndiyo maana nasema kwamba faida kubwa kuliko zote ya kupika sosi hii nyumbani ni kuishika sukari kwa mkono wako mwenyewe.

Mimi hupika kwa gramu 60. Naosha vikonyo, nakata ncha zote mbili, navichuna zile nyuzi za nje vikiwa vimekomaa, kisha navikata vipande vya urefu wa kidole gumba. Navinyunyizia sukari ndani ya bakuli na kuviacha kwa nusu saa. Katika muda huo sukari huvuta maji kutoka ndani ya vipande, na ukirudi unakuta kimiminika cha rangi ya waridi kimetanda chini ya bakuli, kiasi kwamba huhitaji kuongeza maji hata tone. Nabandika juu ya moto mdogo pamoja na juisi ya chungwa moja, maganda yake kidogo yaliyokwaruzwa na kipande cha tangawizi. Baada ya dakika tano kingo za vipande huanza kulegea, halafu ghafla kipande kizima husambaratika kikawa nyuzinyuzi laini, na kufika dakika ya kumi kazi imekwisha. Naipua, naiacha ipoe, ndipo naonja. Machungwa na tangawizi haviondoi uchachu, ila huupa mwenzake, na ulimi hauuoni tena kuwa adui.

Wako wanaotia chembe za magadi ili kupunguza uchachu. Yanasaidia kweli, lakini rangi ile nzuri hugeuka ya kijivujivu, nami sioni sababu ya kuiharibu.

Sufuria nayo ina neno lake. Mara ya kwanza nilipikia sufuria ya alumini, na asidi ya rubabu ikaisugua mpaka ndani ikang'aa kuliko siku niliyoinunua, huku sosi ikiwa na ladha ya chuma iliyoganda ulimini hadi jioni. Niliimwaga yote. Tangu siku hiyo natumia sufuria ya chuma cha pua tu, na hata yenye enameli isiyobanduka inafaa.

Nakiri jambo moja, ijapokuwa silipendi: sukari nyingi huhifadhi. Sosi yangu haikai katika jokofu zaidi ya wiki moja hivi, ilhali ile ya chupa hudumu miezi mingi. Hata hivyo friza ipo, na sosi iliyogawanywa katika vikopo vidogo huganda na kuyeyuka bila kupoteza ladha.

Wanaoisifu rubabu kama dawa ya tumbo huchanganya mambo mawili. Dawa iliyotumiwa na Wachina kwa zaidi ya miaka 2000 ni mzizi wa jamii nyingine za rubabu, nao ndio ulioheshimiwa kiasi kwamba mwaka 1839 Lin Zexu, ofisa mkuu wa mfalme wa China, katika barua aliyomwandikia Malkia Victoria, aliutaja pamoja na chai kuwa vitu ambavyo watu wa nje hawawezi kuishi bila hivyo. Mzizi huo una kemikali zenye nguvu za kuharisha. Vikonyo vya sosi husaidia choo kwa njia ya upole zaidi, kwa nyuzilishe zake, na hilo linatosha.

Sasa naomba msomaji anisikilize kwa makini, kwa sababu hapa mtu anaweza kuumia. Majani ya rubabu hayaliwi. Yana asidi ya oksaliki kwa wingi, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, watu wa Uingereza waliposhauriwa kuyala kama mboga, wapo waliokufa. Yakate yote na uyatupe kabla kikonyo hakijafika kwenye ubao wa kukatia. Vikonyo navyo vina oksaleti, yaani asidi hiyo na chumvi zake, ingawa si kwa kiwango hicho, na oksaleti hiyo huifunga kalsiamu iliyomo, kwa hiyo anayekuambia kwamba rubabu hujenga mifupa kwa kalsiamu yake anakupotosha. Mtu aliyewahi kupata mawe kwenye figo azungumze kwanza na daktari wake, na vivyo hivyo anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa ajili ya ile vitamini K, inayoweza kuipunguzia dawa hiyo nguvu. Wengine tuile pamoja na mtindi au maziwa, kwa kuwa kalsiamu ya maziwa huikamata oksaleti tumboni kabla haijaingia kwenye damu.

Chupa ya mgeni wangu bado iko kabatini, haijafunguliwa. Atakaporudi nitampakulia sosi ya gramu 60 juu ya mtindi mzito, nimpe na hiyo chupa mkononi, na nimwombe asome upande wa nyuma.